Kabla ya kusema karuho, pima damu

*Mama wa ushauri, ninauza vitenge sokoni Nyawera, nina miaka 39 na watoto watatu. Mwezi wa nne yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alishikwa na maumivu ya kifua akipanda kwenda Kadutu. Aliketi kando ya barabara, hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 43. Baba yetu alikwenda hivyo hivyo akiwa na miaka 47, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Ukoo umekaa ukasema ni karuho, yaani sumu, na aliyenyoshewa kidole ni wifi yangu, kwa kuwa ndiye aliyempikia asubuhi ile. Amefukuzwa nyumbani pamoja na watoto wake wanne. Mimi kwa woga nilikwenda kupima damu. Karatasi inasema kolesteroli 395, LDL 312, HDL 61, trigliseridi 110. Mtu wa labo aliniambia niache mawese, basi. Lakini mimi ni mwembamba, sijafikisha kilo 60 maisha yangu yote, na nyama naila sikukuu. Nyuma ya visigino nina uvimbe mgumu kama aliokuwa nao yaya na baba. Kwetu tunauita alama ya ukoo. Mtu mwembamba anapataje mafuta? Na nikisema si karuho, wataona nimehongwa na wifi. Nifanye nini?*

Mama, pole kwa yaya wako, na pole kwa baba uliyemzika ukiwa mtoto. Nimeisoma barua yako mara tatu. Kila mara nilirudi kwenye maneno uliyoyaweka kama ya kupitia tu: uvimbe mgumu nyuma ya visigino, kwako, kwa yaya, kwa baba. Nitaanzia hapo.

Nyuma ya kisigino kuna kano nene inayofunga msuli wa mguu kwenye mfupa. Kolesteroli ikizidi katika damu kwa miaka mingi, hujilimbikiza ndani ya kano hiyo na kuifanya nene na ngumu. Kwa wengine huonekana pia kwenye vifundo vya vidole vya mkono, au kama duara jeupe linaloizunguka mboni ya jicho mtu akiwa bado kijana. Uvimbe wa namna hii hauoti kwa usiku mmoja. Chakula cha asubuhi moja hakiwezi kumletea mtu uvimbe aliokuwa nao miaka na miaka, wala kumletea baba yake aliyezikwa zamani, wala dada yake ambaye hakuigusa sahani ile.

Sikuwepo yaya wako alipoketi kando ya barabara, na hakuna aliyeufungua mwili wake kuutazama moyo, kwa hiyo siwezi kuapa mbele ya ukoo wenu ni nini kilichomuua. Lakini mwanaume wa miaka 43 anayeshikwa kifua akipanda mlima, baba aliyekwenda hivyo hivyo, visigino vile, na LDL 312 katika damu yako wewe: hayo yote yananielekeza kwenye moyo. Daktari akiona LDL iliyopita miligramu 190 kwa mtu mzima, jambo la kwanza analolifikiria ni ugonjwa wa kolesteroli ya kurithi. Akiongezewa habari ya kano na ya vifo vya mapema katika familia, anakuwa karibu na hakika hata bila kupima jeni. Kwa hiyo usihangaike kutafuta kipimo cha jeni Kigali wala Nairobi. Familia yako yenyewe imeshatoa ushahidi mwingi.

Unauliza mtu mwembamba anapataje mafuta. Unene ni mafuta yaliyolala chini ya ngozi. Haya yako ni mafuta yaliyo safarini ndani ya damu, na hitilafu iko katika safari hiyo. Mafuta na maji havichanganyiki, unalijua hilo kila ukipika. Na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Ili mafuta yatoke kwenye ini yafike mwilini, lazima yabebwe, kama magunia yanavyobebwa na akina mama wanaoyapandisha milima yetu hapa Bukavu, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso na mgongo umeinama. Mbebaji huyo katika damu ni protini. Anayebeba kolesteroli nyingi zaidi anaitwa apolipoprotini B, na furushi lake zima, protini pamoja na mafuta, ndiyo hiyo LDL iliyoandikwa kwenye karatasi yako.

Sisi wa Kivu tumeona kwa macho yetu yanayotokea wabebaji wakiadimika. Ni bwaki, utapiamlo wa watoto. Wazee wanawakumbuka watoto waliolazwa Lwiro, na wanaikumbuka Kamati ya Kupambana na Bwaki iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1965. Mtoto wa bwaki ana njaa, amebaki mifupa na uvimbe, na hata hivyo ini lake limejaa mafuta. Maelezo ambayo waganga wameyatoa kwa miaka mingi ni kwamba mwili uliokosa protini hauwezi kuwatengeneza wabebaji wa kutosha, kwa hiyo mafuta yanakwama pale pale kwenye ini. Nakukumbusha bwaki ili uone kwamba wingi wa mafuta mahali fulani mwilini hauonyeshi mtu amekula nini. Unaonyesha kama usafiri unakwenda au umekwama.

Kwako wewe wabebaji wapo tele. Kilichopungua ni milango. Mbebaji wa LDL akishazunguka, anatakiwa arudi kwenye ini, abishe, afunguliwe, aingizwe ndani na mzigo wake. Milango hiyo inaitwa vipokezi vya LDL. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 mjini Dallas, Marekani, na Michael Brown na Joseph Goldstein, waliokuwa wakiwachunguza wagonjwa wa aina yenu, wakiwemo watoto walioshikwa na moyo kabla hata ya kubalehe. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza milango hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu, ini linabaki na nusu ya milango. Wabebaji wanakosa pa kuingia, wanazunguka siku nyingi kuliko inavyopasa, na kidogo kidogo mizigo yao inamwagwa ndani ya kuta za mishipa, hasa ile myembamba inayoulisha moyo wenyewe. Jambo hilo linaanza mtu anapozaliwa. Mtu wa kawaida akifika miaka 70 na kolesteroli iliyopanda uzeeni, wewe ulianza kuubeba mzigo huo ukiwa mgongoni kwa mama. Ndiyo maana moyo unashika watu wenu katika miaka ya 40.

Ugonjwa huu si wa ukoo wenu peke yenu, wala si laana. Duniani unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 250 hadi 300 hivi. Katika soko kubwa lenye watu wengi siku ya Jumamosi, huenda si wewe peke yako, ila wenzako hawajapimwa.

Sasa nikueleze jambo linalotuhusu sisi watu weusi, na ambalo natamani lingefundishwa kila shule ya uuguzi mkoani kwetu. Mwaka 2003 watafiti wakiwachunguza jamaa wa Ufaransa wenye kolesteroli ya kurithi walikuta hitilafu katika protini nyingine, iitwayo PCSK9. Kazi yake ni kuiondoa milango ya ini. Ikizidi ukali, milango inaisha. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza swali la kinyume: yuko mtu ambaye PCSK9 yake imelala? Waliwapata, na waliwapata hasa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika. Katika utafiti wao wa mwaka 2006, watu weusi 3,363 walifuatiliwa miaka 15. Asilimia 2.6 walikuwa na jeni hiyo iliyolala. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulipungua kwa asilimia 88. Wengi wao walikuwa na presha, wengine walivuta sigara, na bado mioyo yao ilisimama imara. Mwaka uliofuata jeni hiyo hiyo ilionekana kwa karibu asilimia 4 ya akina mama wajawazito waliopimwa Zimbabwe. Mmoja wao, mwanamke kijana aliyeirithi kwa baba na kwa mama, alikuwa na LDL isiyofika miligramu 20, naye alikuwa mzima.

Linganisha mama huyo na wewe mwenye 312. Nyote ni Waafrika, na chakula cha nyumbani kwenu huenda hakitofautiani sana. Tofauti iko kwenye idadi ya milango. Na ikiwa LDL iliyo chini tangu utotoni inaulinda moyo kiasi hicho, basi kuishusha yako sasa hivi kuna faida kubwa, hata kama umechelewa miaka 39.

Ukoo watakuambia kwamba moyo ni ugonjwa wa wazungu. Usemi huo una chanzo chake. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones waliandika kutoka Kampala kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haukuonekana kwa Waafrika wa Uganda, huku ukiwasumbua sana Wahindi wa mji huo huo, na kolesteroli za makundi hayo mawili zilitofautiana. Waganga wengi walisomeshwa hivyo na hawakurudi kutazama upya. Tangu wakati huo miji imekua, presha imeenea. Utafiti wa Vitaraa uliofanywa na waganga wa hapa kwetu na kuchapishwa mwaka 2011 uliihesabu presha ya watu wazima wa Kivu ya Kusini, na haikuwa ndogo. Mwanaume wetu akianguka na kifua, bado tunakimbilia kuuliza nani alimpikia. Jambo hili linaniuma, mama, kwa sababu swali hilo limewavunjia nyumba wanawake wengi mji huu.

Kuhusu mawese, aliyekushauri hakukosea kabisa, ila amekutupia jani akaacha shina. Mawese hayana kolesteroli, kwa kuwa yanatoka kwenye mti. Karibu nusu yake ni mafuta mazito ya aina inayoweza kuipandisha LDL kidogo, kwa hiyo pika sombe kwa kijiko badala ya kikombe. Lakini ukiyaacha yote hutaona 312 ikigeuka 130. Na usiwanyime watoto mawese mekundu kabisa, maana ndani yake wanapata vitamini A ya macho yao. Sambaza wa ziwa letu endelea kuwala, bila kuwaelesha kwenye mafuta. Nchini Tanzania kuna utafiti uliotangazwa mwaka 1996 ukiitwa wa Lugalawa: Wabantu waishio ufukoni mwa ziwa Nyasa na kula samaki kila siku walilinganishwa na jamaa zao wa milimani wanaokula mboga tu. Walaji samaki walikuwa na presha ndogo na kolesteroli ndogo. Walikuwa pia na kiwango cha chini cha mbebaji mwingine aitwaye lipoprotini (a), aliyegunduliwa na Kåre Berg wa Norwe mwaka 1963, ambaye kiwango chake hurithiwa na kwa watu weusi huwa juu kuliko kwa wazungu. Kama siku moja utafika penye maabara inayompima, mpime mara moja tu, inatosha maisha yote. Samaki ni msaada. Milango hawaiongezi.

Usijifariji na HDL 61. Wengi wanaiita mafuta mazuri na kudhani inafuta ubaya wa LDL. Mwaka 2006 dawa iitwayo torcetrapib, iliyozuia protini inayohamisha kolesteroli kati ya wabebaji na hivyo ikaipandisha HDL sana, ilisimamishwa katikati ya majaribio kwa sababu walioinywa walikufa zaidi ya wenzao.

Sasa ya kufanya, na uyafanye wiki hii. Nenda Hospitali Kuu ya Mkoa au Panzi, uombe daktari wa magonjwa ya ndani, ubebe karatasi yako, uvue viatu umwonyeshe visigino. Mwambie umri wa baba na wa yaya. Asipouliza, mwambie wewe. Omba upimwe pia tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyozembea huipandisha kolesteroli hata kwa mtu asiye na ugonjwa wa kurithi. Huku kwetu hilo si la kudharau: rovu la kisiwa cha Idjwi lilichunguzwa tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya upungufu wa ayodini. Apime figo, sukari, presha, na umeme wa moyo. Na kama wewe mwenyewe ukipanda mlima unahisi kifua kinabanwa, au uzito unaoshuka mkononi au kupanda kwenye taya, na ukipumzika unaisha, usingoje wiki. Nenda leo.

Dawa ipo, na kundi lake linaitwa statini. Mjapani Akira Endo, aliyefariki mwaka 2024, aliipata ya kwanza katika kuvu miaka ya 1970. Inalipunguzia ini uwezo wa kujitengenezea kolesteroli, na ini likiona limepungukiwa linafungua milango zaidi kwa kutumia ile nakala nzima uliyobaki nayo. Atorvastatini na simvastatini si dawa za kigeni tena. Simvastatini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007. Kipimo kizuri kinaweza kuishusha LDL karibu nusu, na isipotosha daktari ataongeza ezetimibe. Zipo sindano za kuizima PCSK9, lakini bei yake si ya sokoni kwetu, tusipoteze muda. Statini inanywewa kila siku, maisha yote. Wengi huiacha baada ya miezi mitatu kwa sababu hawasikii tofauti. Wewe hutasikia tofauti, utaiona kwenye karatasi. Ukiwa na mimba au ukinyonyesha, mwambie daktari kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Misuli ikiuma sana au mkojo ukiwa mweusi, rudi.

Watoto wako watatu, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na nakala ile mbovu. Hakuna kusema aliyenona ndiye au mwembamba siye. Wapimwe wote. Mtoto akijulikana kabla ya kufika miaka 10 na kuanza dawa kwa wakati ambao daktari atauona unafaa, mishipa yake inaweza kumfikisha uzeeni.

Nimeacha la ukoo mwisho kwa sababu ndilo gumu. Usiende kwenye kikao na kusema karuho haipo. Watakuzima kabla hujamaliza. Mtafute kwanza baba mdogo mmoja anayekusikiliza, umwombe faraghani akuonyeshe visigino vyake. Ikiwa vimevimba kama vyako, mpeleke apimwe, na karatasi yake iende kwenye kikao pamoja na yako. Mzee akisoma namba yake mwenyewe, hakuna atakayesema umehongwa. Wifi yako hana damu yenu. Hakuweza kuwaletea ugonjwa uliokuwa mwilini mwa baba yako kabla hajazaliwa. Nyumba aliyoishi na mumewe, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016 inampa mjane haki ya kuendelea kuishi ndani yake. Kama wakikataa, wakili au shirika la akina mama litamsimamia.

Na kuna jambo ambalo ukoo wenu haujalitazama. Walipomfukuza yeye, walifukuza watoto wanne wa yaya wako, na hao ndio damu yenu. Kila mmoja wao ana nusu kwa nusu sawa na wa kwako, na hawana baba wa kuwapeleka labo. Mfuate wifi yako popote alipokwenda kulala, mama, umwombe radhi kwa niaba ya nyumba yenu, kisha wachukue watoto wote saba mkapimwe siku moja.